M Kabla ya P

Baba Urbano alipanga kila kitu kwa alfabeti. Katika chumba chetu cha kazi pale Utemini, Singida, bisibisi zilikaa rafu ya juu, zikafuata gundi, koleo, kisha nyaya, na vumbi tu ndilo lililokaa popote lilipotaka. Ukichukua koleo ukairudisha kwenye gundi, hakukugombeza. Alisubiri utoke, akairudisha mwenyewe, na kesho yake ukiikuta mahali pake uliona aibu kuliko kama angekupigia kelele.

Jina lake hasa lilikuwa Leonidas, Mnyaturu wa Issuna, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la umma hapo Singida mjini. Mwaka 1996 shirika likapunguza watu, naye akapigwa redandansi. Wenzake wengi walirudi vijijini kulima. Yeye alikodi chumba nyuma ya duka la vitenge la Bibi Kudra, akaanza kutengeneza mashine za chapa, na mashine za chapa zilipoanza kuachwa akajifunza kompyuta kwa kuzifungua na kuzifunga tena.

Mimi nilifika kwake Januari 2001, nina miaka ishirini na moja na cheti cha miezi tisa kutoka Dodoma. Kwetu ni Itigi, lakini nilikuwa naishi kwa mama mdogo hapo hapo Utemini. Niliingia nikamkuta ameinama juu ya kompyuta iliyofunguliwa tumbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Belinda?"

"Ndiyo, mzee."

"Nimeambiwa unajua Linux, ile ya kuendeshea kompyuta."

"Najua kidogo."

"Mimi sijui hata hicho kidogo," alisema, bila kuinua kichwa. "Vuta kiti."

Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi. Nikavuta kiti, na nikakaa miaka saba.

Ilikuwa miaka ambayo kila kitu kilikuwa kinaingia kwa mara ya kwanza. Kompyuta za mitumba zilishuka kwenye mabasi ya Dar zimeviringishwa blanketi kama wagonjwa. Simu za mkononi zilikuwa ndiyo zimefika, na mtandao ulishika mahali pa juu tu, kwa hiyo ungeona watu wazima na suti zao wamepanda kwenye yale mawe makubwa ya mjini, wanaongea na Dar es Salaam huku upepo unawapeperusha tai. Bibi Kudra aliweka redio mlangoni tangu asubuhi, nasi huko nyuma tulisikia taarab, matangazo ya sabuni mpya, na habari za viwanda vilivyouzwa. Harufu ya risasi ya kulehemu ilichanganyika na harufu ya vitenge vipya. Mpaka leo nikipita duka la vitenge huwa nasimama kidogo, na muuzaji anadhani nataka kununua.

Mwaka 2003 tukapata kazi kubwa kuliko zote. Mradi mmoja ulikuwa unaweka kompyuta kwenye vituo vitatu vya walimu: Singida mjini, Issuna na Manyoni. Kila kituo kilipewa kompyuta tano na seva moja, yaani ile kompyuta inayozihudumia nyingine. Kwenye seva ingekaa programu niliyoiandika mimi mwenyewe, nikaiita Maktaba. Mwalimu angetoka shule yake ya kijijini, akaketi, akatafuta mitihani ya miaka iliyopita au akaona kitabu fulani kipo kituo gani. Niliiandika kwa miezi minne. Niliipenda kama mtu anavyompenda mtoto wake wa kwanza, hata pale anapokuwa na makamasi.

Shida ilikuwa namna ya kuziandaa seva tatu zifanane. Ukiweka programu moja moja kwa mkono, leo utaanza na hii, kesho utasahau ile, na kila seva itatoka na sura yake. Baba Urbano ndiye aliyepata wazo.

"Stoo tulikuwa na karatasi ya gari la mafundi," aliniambia. "Kabla gari halijatoka, unasoma kutoka juu hadi chini. Kilichomo unakipita. Kisichomo unakiweka. Hiyo kompyuta yako haiwezi kujisomea karatasi yenyewe?"

Iliweza. Nikaandika programu fupi ya kufanya hivyo. Kila seva inapowashwa, inafungua orodha, inashuka nayo mstari kwa mstari, na kile ambacho bado hakijawekwa inakichukua kwenye sidii na kukisakinisha. Ikishindwa na kimoja, inaandika kosa hilo pembeni na kuendelea na kinachofuata, isikwame njiani. Hivyo vitu vya kusakinishwa tuliviita vifurushi. Siku hizi ukisema kifurushi watu wanafikiri dakika za simu, lakini kwetu kifurushi kilikuwa programu iliyofungwa pamoja na maelezo yake, tayari kusafiri. Maktaba yangu nayo niliifunga kifurushi.

Orodha yenyewe aliiandika Baba Urbano. Vifurushi thelathini na vinne, kwa alfabeti, A mpaka Z, imenyooka kama mistari ya alizeti. Aliichapa kwenye karatasi pia, akaibandika ukutani.

Tukaanza na Singida mjini. Umeme ulikatika kazi ikiwa katikati, ukarudi baada ya saa moja, seva ikawaka na kuendelea, na jioni Maktaba ikafunguka vizuri. Wiki iliyofuata tukaenda Issuna, kwao Baba Urbano. Huko umeme haukuwepo, tulitumia jenereta ya kuazima, na mchana tulilazimika kuizima ipoe na kuongezwa mafuta. Tukaiwasha tena, seva ikamaliza, Maktaba ikafunguka. Dada zake Baba Urbano walitupikia kuku na ugali wa mtama, na mmoja wao akaniuliza kama hicho chombo kinaweza kumwonyesha mume wake aliyeko machimboni Mererani. Nilimwambia bado.

Yote hayo, saa na dakika, tuliyaandika kwenye daftari. Hiyo ilikuwa sheria ya Baba Urbano: kazi ikianza, andika saa, kitu kikitokea, andika saa. Mimi niliona ni uzee tu, lakini niliandika.

Jumanne moja ya mwezi wa saba tukapanda basi kwenda Manyoni. Barabara ilikuwa ya vumbi tupu, tukashuka tumekuwa rangi moja na mizigo yetu. Mratibu wa kituo, Mwalimu Eliya, Mgogo mfupi mwenye vipande vya chaki kwenye kila mfuko, alitupokea mlangoni.

"Mbukwenyi!" alitusalimu kwa Kigogo, kisha akacheka kuona nimebabaika. "Karibuni Manyoni. Jumamosi afisa elimu anakuja kufungua. Nimeshawaalika walimu wakuu ishirini."

"Jumamosi ni mbali," nilisema. "Sisi kazi yetu ni ya siku moja."

Manyoni walikuwa wamejaliwa. Umeme ulikuwepo, na juu yake mradi uliwapa kisanduku kikubwa cha betri, kile kinachoshika kazi umeme ukiyumba. Jumatano asubuhi nikaweka sidii, nikawasha seva, orodha ikaanza kushuka. Hakuna kilichokatika, hakuna kilichozimika. Saa sita mchana ikafika mwisho. Nikaketi kwenye kompyuta nyingine nifungue Maktaba mbele ya Mwalimu Eliya.

Haikufunguka.

Nikasoma kosa. Lilisema Maktaba imeshindwa kusakinishwa kwa sababu haikuiona hifadhidata, ile programu inayotunza kumbukumbu zote. Yetu ilikuwa inaitwa Postgresi. Nikaenda kuitazama Postgresi. Ipo. Imewekwa, inafanya kazi, haina tatizo lolote. Ni kama mtu akuambie jirani yako hayupo nyumbani, na wewe unamwona amekaa barazani kwake.

"Sidii ina mchubuko," alisema Baba Urbano. Akaifuta kwa pindo la shati, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

Nikafuta diski yote, tukaanza upya. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yangu siku zile: kikishindikana, futa vyote, anza upya. Jioni, kosa lile lile.

Alhamisi tukabadilisha sidii. Tukafuta, tukaanza upya, kosa lile lile. Baba Urbano akachomoa vibao vya kumbukumbu vya ndani ya mashine akavisafisha kwa kifutio cha penseli, akavirudisha. Tukafuta, tukaanza upya. Mwalimu Eliya alikuwa anapita mlangoni kila nusu saa, anagusa mifuko yake ya chaki. Nilianza kuona sura za wale walimu wakuu ishirini.

Ijumaa asubuhi tulimkuta ameleta chai kwenye chupa na maandazi. Akakaa nasi.

"Hebu niulize swali la mtu asiyejua," alisema. "Kule Singida na Issuna mlifanya nini ambacho hapa hamjafanya?"

"Hakuna," nilisema. "Sidii ni ile ile, orodha ni ile ile. Tena hapa ni afadhali, kule tulisumbuliwa na umeme."

"Aah, umeme! Sisi wiki hii tumebahatika, haujakatika tangu Jumapili."

Nilikuwa nimeshika andazi. Nikaliweka chini, nikaomba daftari.

Singida mjini: saa tano na robo, umeme umekatika. Saa sita na dakika ishirini, umerudi, seva imewaka. Issuna: saa saba kasorobo, jenereta imezimwa. Saa nane, imewashwa. Manyoni, kurasa tatu nzima: orodha ikishaanza, hakuna kuzima, hakuna kuwasha. Kila iliposhindikana, nilikuwa naifuta.

"Baba Urbano," nilisema, "tusiifute. Tuizime tu, tuiwashe."

Aliniangalia juu ya miwani, kisha akainama akaizima mwenyewe. Tukahesabu mpaka kumi. Akaiwasha. Orodha ikaanza kushuka tangu juu, inaruka vilivyokuwepo, ikafika Maktaba, ikasimama kidogo, ikapita. Nikafungua. Ukurasa wa Maktaba ukajaa kwenye kioo, na lile neno "Karibu, Mwalimu" nililolihangaikia rangi yake wiki nzima.

Mwalimu Eliya alipiga makofi. Baba Urbano akatoa leso akafuta uso, akaanza kukusanya bisibisi.

"Bado," nilisema. "Kwa nini ikubali mara ya pili?"

"Imekubali, Belinda. Kesho ufunguzi."

"Na ikiharibika mwaka kesho, waambiwe kila ikishindwa wazime na kuwasha? Ngoja."

Nikafungua orodha, na safari hii nikaisoma kama mashine inavyoisoma, mstari kwa mstari, bila kuruka. Nikafika kwenye M: Maktaba. Nikaendelea kushuka. Mistari minane chini yake, kwenye P: Postgresi. Seva ilikuwa inajaribu kuweka Maktaba kabla hifadhidata haijafika. Maktaba inashindwa, orodha inaendelea, Postgresi inawekwa, nami nikija kutazama naikuta imekaa vizuri. Umeme ukikatika baada ya hapo na kurudi, orodha inaanza tena juu, na safari hiyo Postgresi ipo, Maktaba inaingia. Kukatika kwa umeme ndiko kulikotuficha kosa Singida na Issuna.

Ningeweza kusema hivyo tu. Nilikuwa nimechoka siku tatu, nimeaibika mbele ya mtu, na sasa nilikuwa na furaha ya kumjua mwenye kosa, furaha mbaya sana hiyo. Nikageuka na kiti.

"Ni alfabeti yako, Baba Urbano! Maktaba iko M, Postgresi iko P. Mashine siyo stoo. Umeipanga ipendeze macho, tumepoteza siku tatu."

Mwalimu Eliya alishusha kikombe. Baba Urbano alibaki ameshika bisibisi yake. Sikuwahi kumwinulia sauti, na nadhani hata watoto wake hawakuwahi.

"Kumbe," alisema taratibu. Akaiweka bisibisi kwenye mkoba, mahali pake. "Basi panga unavyojua wewe." Akachukua kofia akatoka.

Mwalimu Eliya hakunigombeza. Alikusanya vikombe, akasema, "Nitakuwa ofisini," na akaniacha na mashine.

Nikaihamisha Postgresi juu kabisa ya orodha. Nikafuta diski, nikaanza upya, na bila umeme kukatika, bila kuzima wala kuwasha, Maktaba ikaingia mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshinda na sikuwa na wa kumwambia.

Wakati nasubiri, nikasema nisahihishe maelezo ya kifurushi changu. Nilikuambia kila kifurushi kilifungwa pamoja na maelezo yake: jina, nani amekiandika, na mstari mmoja wa kutaja vitu kinavyovihitaji ili kifanye kazi. Mfumo ukisoma mstari huo, unavileta kwanza hivyo vinavyohitajika, hata kama kwenye orodha viko chini. Ndiyo maana vile vifurushi vingine thelathini na vitatu havikujali alfabeti. Waliovifunga walijaza mstari wao.

Nikafungua maelezo ya Maktaba. Jina: Maktaba. Mwandishi: Belinda. Inahitaji: na hapo palikuwa peupe. Niliacha wazi mwezi wa nne, siku niliyokuwa nawahi harusi ya binti wa mama mdogo, nikajiambia nitarudi nijaze.

Nilikaa nikautazama ule mstari muda mrefu. Sitajifanya mtu mwema. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kwamba hakuna atakayejua. Baba Urbano hakuwa anafungua maelezo ya vifurushi, na Mwalimu Eliya alijua chaki. Ningejaza kimya kimya, orodha ibaki na Postgresi juu, na kosa libaki lilipoangukia. Mikono ilikuwa imeshaanza kuandika. Kisha nikaona kofia yake haipo kwenye msumari, nikasimama.

Nilimtafuta sokoni, sikumwona. Nikamkuta karibu na stesheni ya reli, kwenye kibanda cha mama mmoja wa chai, ametazama mabehewa ya mizigo yanavyopangwa. Kikombe chake kilikuwa kimejaa na kimepoa. Nikakaa kwenye benchi, mbali kidogo.

"Imekubali?" aliuliza.

"Imekubali."

"Vizuri."

"Baba Urbano, kosa ni langu."

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, kwa kurukaruka, lakini alielewa, kwa sababu alikuwa mtunza stoo na jambo lenyewe lilikuwa la stoo: kifaa kimekuja bila karatasi ya kusema kinakwenda na nini. Nilipofika kwenye ule mstari mweupe aligeuka akanitazama.

"Ulikuwa umeuacha wazi?"

"Nilikuwa nawahi harusi."

Mama wa chai akaniletea kikombe bila kuulizwa. Tuliyatazama mabehewa mpaka mawili yakagongana kwa kishindo yakashikana.

"Unajua mwaka tisini na sita," alianza, akiwa bado anatazama reli, "bosi aliniita akanipa karatasi ya majina. Yameandikwa kwa mkono, shaghalabaghala. Akasema, Leonidas, wewe ndiye unajua kupanga, hebu yapange kwa alfabeti uyachape, kesho yanabandikwa. Majina thelathini na moja ya kupunguzwa. Nikaketi kwenye mashine. Nikapanga A, nikapanga B. Nikafika L. Laurenti, wa magari. Lazaro, mlinzi. Halafu mimi."

"Hawakukwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilijikuta." Akanywa ile chai iliyopoa. "Nikamalizia mpaka Z. Zefania ndiye alikuwa wa mwisho. Nikamrudishia bosi, akaitazama akasema, kazi safi."

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na mpaka siku hiyo nilidhani Baba Urbano alikuwa mtu asiyetokewa na mambo.

"Maneno yako yaliniuma," alisema baadaye. "Siyo kwa sababu ulikuwa umekosea. Nilidhani umesema kweli."

"Nisamehe, Baba Urbano."

"Nimeshasamehe, mwanangu. Kwanza niambie. Ukiujaza huo mstari, orodha yangu inaweza kurudi ilivyokuwa?"

"Inarudi. Mashine itatafuta yenyewe cha kutangulia."

Akasimama, akavaa kofia. "Basi twende tukaone."

Tulirudi kituoni. Nilipita kwanza ofisini kwa Mwalimu Eliya, nikamwambia, nimesimama, kwamba kosa halikuwa la Baba Urbano, lilikuwa langu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemwambia mwenyewe?"

"Nimemwambia."

"Basi mimi sina la ziada," alisema, na akanipa kipande cha chaki, sijui kwa nini. Nadhani hakuwa na kitu kingine mkononi.

Nikajaza ule mstari: Postgresi. Nikaifunga Maktaba upya. Baba Urbano akaketi kwenye kibodi, akairudisha orodha kwa vidole viwili, Postgresi ikashuka mahali pake kwenye P. Tukafuta diski kwa mara ya mwisho. Orodha ikaanza kushuka. Ilipofika kwenye M ikasimama, na kwenye kioo tukaona inakwenda yenyewe kuichukua Postgresi kule chini, inaiweka, kisha inarudi kuweka Maktaba. Baba Urbano alicheka kwa sauti. Miaka saba niliyokaa naye, nadhani nilimsikia akicheka hivyo mara mbili.

Jumamosi afisa elimu alifungua kituo. Walimu wakuu walikuja ishirini na sita. Mmoja, mwanamke wa makamo kutoka upande wa Itigi aitwaye Mwalimu Aneth, alitafuta mtihani wa hesabu wa mwaka aliomaliza shule yeye mwenyewe, akaukuta, akakaa akaujibu pale pale kwa penseli wakati wenzake wanakula pilau. Tuliporudi Singida tulibadilisha kifurushi kwenye zile seva mbili nyingine, ingawa zilikuwa zinafanya kazi na hakuna aliyetuuliza.

Maktaba iliishi miaka mitano hivi. Baadaye mradi uliisha, vipuri vikawa shida, kisha kila mwalimu akawa na simu. Baba Urbano alifunga chumba mwaka 2008, akarudi Issuna kulima vitunguu na kufuga nyuki. Mimi nikapata kazi Dodoma. Leo nasimamia seva zaidi ya mia mbili ambazo sijawahi kuzigusa kwa mkono. Ziko kwenye majengo nisiyoyajua, na kazi iliyotuchukua wiki inachukua dakika nne. Chumba cha Utemini ni saluni ya kike sasa. Bibi Kudra amefariki. Baba Urbano yupo, ana miaka sabini na kitu, sikio moja halisikii, na nikimpigia simu tunapiga kelele mpaka watu ofisini wanageuka.

Lakini katika yote, ninayoikumbuka zaidi ni Jumapili ile tuliyoondoka Manyoni. Basi lilikuwa limejaa, tukapata lori la alizeti linalokwenda Singida, tukapanda juu ya magunia. Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa mkali na jua lilikuwa zuri. Baba Urbano alijilaza, mkoba wake wa vifaa chini ya kichwa, na kabla hatujafika mbali akasinzia. Nikamvua miwani isianguke, nikaishika mkononi njia nzima. Tulipita nyumba za tembe, ng'ombe waliokuwa wanatoka majini, na watoto waliokuwa wanatupungia mikono. Kila lori lilipoingia kwenye shimo alifumbua macho, akauliza, "Tumefika wapi?" nami nikamjibu bado, akalala tena.